Kabla ya Moto na Baada ya Moto: Siku ya Mpishi Binafsi

Saa kumi na mbili asubuhi, mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, huwa umeshapamba moto. Madalali wanapaza sauti, maji ya barafu yanachuruzika sakafuni, wachukuzi wanaomba njia kwa kelele. Mnunuzi wa hoteli anahesabu kilo kwa makumi. Mama lishe anatafuta vibua wa kukaanga mchana. Katikati yao yumo mtu mwenye kapu, deli dogo la barafu na daftari, anachambua changu wanne wa saizi moja na kamba nusu kilo. Huyo ni mpishi binafsi. Leo anapika Mikocheni, kesho Upanga, keshokutwa Mbezi Beach, na kila nyumba ina ulimi wake, friji yake na masharti yake.

Kazi hii si ya mpishi aliyeajiriwa na kulala nyumba moja. Mpishi binafsi ana wateja kadhaa. Huenda kwa kila mmoja siku iliyopangwa, hupika milo ya siku tatu au nne kwa mkupuo, huipanga kwenye friji, husafisha jiko na kuondoka. Wengine hukodiwa kwa karamu ya usiku mmoja, au kuwapikia wageni waliopanga nyumba ya kitalii Zanzibar au Diani kwa wiki nzima. Wengi wanaoitamani huvutwa na mapenzi ya kupika, na mapenzi hayo ni lazima yawepo. Lakini jiko lenyewe huchukua kama nusu ya siku. Nusu nyingine inatumika kuuliza, kununua, kupoza, kuandika na kupiga hesabu. Humo ndimo mteja anapopatikana au kupotea, na anayetaka kuanza na ajifunze nusu hiyo kwanza.

Maswali kabla ya kisu

Siku ya kwanza hakipikwi kitu. Mpishi huenda nyumbani kwa mteja, hukaa mezani na kuuliza. Swali la mwanzo ni la mzio, nalo haliulizwi kwa ujumla. Ukimuuliza mzazi "mna mzio wowote?" atajibu hapana, halafu wiki ya pili anakumbuka kwamba mtoto wa pili huvimba midomo akila korosho. Taja vitu kimoja kimoja: karanga, korosho, ufuta, maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, ngano, soya. Karanga ndizo za kuangaliwa zaidi katika mapishi yetu, kwa sababu hujificha. Mchicha, kisamvu na hata mchuzi wa nyama hutiwa karanga za kusaga, na mgeni asiyejua hawezi kuziona. Kwenye nyumba yenye mtoto wa namna hiyo, karanga hazinunuliwi kabisa, wala kinu kilichozitwanga hakiingii jikoni.

Baada ya mzio yafuate maradhi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu ana maelekezo ya daktari wake, na mpishi ayaombe kama yalivyoandikwa badala ya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Anayetia vipande viwili vya kiungo cha supu kwenye kila mchuzi hawezi kubaki ndani ya kiasi hicho, hata akiapa kwamba chumvi yenyewe ametia kidogo.

Imani nayo ina jiko lake. Nyumba ya Kiislamu itauliza nyama imechinjwa wapi. Upanga na Kisutu kuna familia za Kihindu zisizokula nyama wala mayai, nazo hazitafurahia sufuria iliyopikiwa mbuzi nyumba nyingine. Kwa Wajaini (waumini wa dini nyingine ya India) wenye kushika sana, hata vitunguu, vitunguu saumu na viazi huachwa, maana ni vitu vya kung'olewa na mizizi. Mpishi aliyezoea kuanza kila mchuzi kwa kukaanga kitunguu atalazimika kujifunza upya kutumia bizari nzima, tangawizi kavu na mvuje.

Kisha kuna mtu ambaye wapishi wapya humsahau: dada wa kazi. Yeye ndiye atakayepasha chakula mpishi akiwa ameshaondoka, na yeye ndiye anayejua sahani zipi zilirudi zimejaa. Mteja atasema kwa adabu kwamba kila kitu kilikuwa kitamu. Dada akiulizwa kwa heshima, "Dada, ile pilau ya juzi iliishaje?", atasema kweli: baba alikula, watoto walichambua zabibu wakaacha. Maneno hayo yaandikwe kwenye daftari la nyumba ile yakiwa bado ya moto.

Ziara hiyohiyo ndiyo ya kukagua jiko. Je, ni la gesi la plate nne au la umeme? Oveni inashika moto sawasawa au inaunguza upande mmoja? Friji ina nafasi kiasi gani, na friza inagandisha kweli? Uniti za umeme wa LUKU zimebaki ngapi, na mtungi wa gesi ulibadilishwa lini? Maswali haya ya mwisho yanaonekana madogo mpaka siku umeme unapokatika keki ikiwa ndani ya oveni. Mpishi mwenye busara humtumia mteja ujumbe jioni ya kuamkia siku ya kazi, akikumbusha gesi na uniti.

Kuuliza huku kunaweza kubadilisha afya ya nyumba. Michelle Obama amesimulia hadharani kwamba daktari wa watoto aliwahi kuwaonya kuhusu uzito wa binti zao, wakati familia hiyo ikiishi Chicago na milo mingi ikitoka nje. Sam Kass, mpishi kijana wa mji huohuo, akaanza kuwapikia nyumbani: mboga zaidi, vyakula vya makopo na pakiti vichache, familia kukaa pamoja mezani. Mwaka 2009 alihamia nao Ikulu ya Marekani, akashiriki kuanzisha bustani ya mboga iliyokuja kujulikana dunia nzima.

Soko lina mpangilio wake

Menyu huandikwa siku mbili kabla, na orodha ya soko hutolewa humo. Orodha nzuri haifuati majina ya vyakula, inafuata njia ya miguu: vitu vya dukani kwanza, vizito vifuate, mboga za majani baadaye, na samaki wa mwisho. Anayeanza na samaki kisha akazunguka na kapu Kisutu na Kariakoo kwa saa mbili atafika nyumbani na samaki aliyechoka. Kama Feri ni lazima iwe alfajiri, basi deli lijae barafu tangu nyumbani.

Kapu si pambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017, na Zanzibar ilitangulia miaka mingi kabla. Mpishi hubeba vikapu viwili vya ukili, kimoja cha vitu vibichi vya kupikwa na kingine cha matunda na vitu vya kuliwa bila kupikwa, ili damu ya nyama isikutane na maembe.

Kwenye meza ya samaki hatua ni zilezile kila siku. Jicho liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limezama wala kuweka ukungu. Shavu linainuliwa ili matamvua yaonekane: yawe mekundu, si ya kahawia. Mgongo unabonyezwa kwa kidole, na nyama ikirudi yenyewe samaki huyo anafaa, lakini shimo la kidole likibaki mpishi anahamia meza nyingine. Harufu inayotakiwa ni ya bahari. Changu na tasi wakishachaguliwa hupelekwa kwa vijana wa kupara, na mpishi husimama pale pale mpaka wamalize. Kusimama huko kuna sababu mbili: samaki wasibadilishwe, na waoshwe kwa maji safi.

Jodari, nguru na vibua wana jambo la ziada ambalo kila mpishi wa pwani anapaswa kulijua. Wakikaa kwenye joto bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na histamini haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mlaji huwashwa, uso huiva wekundu, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio. Familia husema ana mzio wa samaki, kumbe samaki alikosa barafu. Limau na bizari vinaweza kuficha dalili za mwanzo za kuharibika, hivyo haki ya kukataa samaki inatumika sokoni, kabla pesa haijatoka.

Wauzaji wengi hawatoi risiti, na hapo ndipo ugomvi wa pesa ya soko huanzia. Dawa yake ni nyepesi. Kila anapoweza mpishi hulipa kwa lipa namba, na ujumbe wa simu unabaki kuwa ushahidi. Pasipowezekana, huandika bei pale pale mbele ya muuzaji. Jioni mteja hupokea orodha yote na chenji yake, hata ikiwa ni shilingi mia nane.

Jikoni, cha kuchelewa ndicho kinachoanza

Saa nne asubuhi mpishi amefika. Aproni safi, nywele zimefungwa, mikono imeoshwa kwa sabuni. Visu ni vyake mwenyewe, vimefungwa kwenye kitambaa, kwa sababu visu vya nyumba nyingi ni butu, na kisu butu huteleza na kukata kidole. Huja pia na vibao viwili vya kukatia, cha nyama mbichi na cha mboga.

Kinachotangulia motoni ni kile kinachochukua muda mrefu. Kisamvu kilichotwangwa huanza mapema, nacho kichemshwe sana na bila mfuniko, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi ambayo hutoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Maharage mekundu yaliyolowekwa usiku humwagwa maji yake na kuchemshwa kwa nguvu, angalau dakika kumi za kutokota hasa, kabla ya kupunguziwa moto. Yana sumu ya asili isiyokufa kwa moto wa pole, ndiyo maana kuyapika kwa moto mdogo kuanzia mwanzo ni hatari. Plate ya tatu inabeba nyama ya mchuzi. Ya nne inaachwa wazi kwa kukaanga vitunguu, kuchemsha mayai, chochote kitakachojitokeza. Wakati huohuo oveni inachoma viazi vitamu na kuku kwa pamoja, kwa kuwa gesi na umeme ni vya mteja na anaviona kwenye bili.

Nazi inastahili maelezo yake, kwa sababu ndiyo inayowaumbua wapishi wazuri wa hotelini wanapoanza kazi ya majumbani. Hotelini mchuzi wa tui hupikwa na kuliwa saa hiyohiyo. Nyumbani unapikwa Jumatatu ili uliwe Jumatano. Tui zito likichemka kwa fujo bila kukorogwa hukatika: mafuta yanaelea juu, maji yanabaki chini, na kuligandisha na kulipasha tena huzidisha kasoro hiyo. Kwa hiyo chakula cha siku ya mbele hupikwa kwa tui jepesi hadi kiive, kisha kinapozwa. Tui zito hukamuliwa na kuwekwa kwenye chupa yake ndani ya friji, na dada huachiwa maelekezo: pasha mchuzi kwanza, tia tui mwishoni, koroga bila kuacha mpaka lianze kutokota, zima. Tui lisilokaa zaidi ya siku mbili lifanywe hivyo, la baada ya hapo ligandishwe peke yake, nje ya mchuzi.

Si kila chakula kinakubali friza. Viazi mviringo kwenye mchuzi hubadilika vikawa vya chengachenga, na kachumbari haina habari ya kesho. Chapati, kwa upande mwingine, hukaa vizuri sana zikitenganishwa kwa karatasi, na hivyohivyo supu, nyama ya kusaga na maharage yasiyoungwa nazi.

Saa mbili baada ya moto kuzimwa

Hapa ndipo kazi ya mpishi binafsi inapotofautiana kabisa na ya mgahawa. Chakula chake kingi hakiliwi kikitoka jikoni. Kinapoa, kinalala, kinapashwa na mtu mwingine. Sufuria la lita saba la maharage likiachwa juu ya meza lipoe lenyewe, katikati yake litabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio bakteria wanaoupenda.

Katika kanuni zake tano za chakula salama, zilizotolewa mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani linaagiza chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Friji iwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, chakula kinachosubiri kuliwa moto kibaki juu ya nyuzi 60, na kupika kufikishe nyuzi 70 hadi katikati. Kipimajoto kidogo cha jikoni, chenye sindano ya kuchoma kwenye nyama, ni kifaa cha bei nafuu, na mpishi asinunue sufuria ya kujionyesha kabla hajawa nacho.

Namna ya kupoza haraka haihitaji mashine. Maharage hugawanywa kwenye vyombo vipana visivyo na kina, yasizidi vidole vitatu kwenda juu. Sinki huzibwa, hutiwa maji baridi na barafu iliyobaki kwenye deli, vyombo huelea humo, na mpishi hukoroga kila baada ya dakika chache. Yakipoa huingia friji bila kubanwa, hewa ipite katikati ya vyombo. Wali ndio wa kutiliwa mkazo kuliko vyote. Bacillus cereus, bakteria apatikanaye kwenye mchele, ana mbegu zinazostahimili kuchemka. Wali ukikaa nje mchana kutwa mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na kupasha. Wali wa kuachwa usiku kucha kwenye sufuria kwa ajili ya kiporo cha asubuhi ni desturi ya nyumba nyingi, na mpishi anapaswa kuwa na ujasiri wa kuizungumza na mteja wake.

Kila chombo kinapata kipande cha tepu kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: jina la chakula, tarehe, siku ya mwisho ya kuliwa, namna ya kupasha. Chakula cha friji kiishe ndani ya siku tatu au nne. Kama nyumba ina mwenye mzio, chakula chake kinapata tepu ya rangi yake na rafu yake.

Halafu usafi. Plate za jiko zinafutwa, sinki linasuguliwa, taka zinatolewa nje, kitambaa cha jikoni kinachemshwa au kubadilishwa. Mwenye nyumba anarudi saa kumi na mbili jioni. Hakuona kisamvu kikitwangwa wala vyombo vikielea kwenye barafu. Anachokiona ni jiko. Likiwa chafu, utamu wa chakula hautamtetea mpishi.

Kuaminiwa

Otonde Odera, Mjaluo kutoka Kenya, alimpikia Rais Milton Obote wa Uganda, kisha Idi Amin aliyempindua Obote mwaka 1971. Mwandishi wa Poland Witold Szabłowski alimtafuta uzeeni na kuandika kisa chake katika kitabu kuhusu wapishi wa madikteta. Humo Odera anasimulia siku ambayo mtoto wa Amin alikula pilau tamu kwa pupa hadi tumbo likamsokota. Amin alidhani mwanawe amelishwa sumu. Odera alimpakia mtoto kwenye gari na kumkimbiza hospitali yeye mwenyewe, na daktari akaona kwamba mtoto amevimbiwa tu.

Hakuna mteja wa Mikocheni anayefanana na Amin, lakini swali ni lilelile kila mtu anapoumwa tumbo ndani ya nyumba: alipika nani? Mpishi mwenye daftari linaloonyesha alinunua nini, wapi, saa ngapi kiliingia friji na kilifika nyuzi ngapi, ana cha kumwonyesha daktari na mteja. Bila daftari, ana maneno yake tu. Cheti cha afya nacho kiwe mkononi. Kenya cheti hicho cha wanaoshughulikia chakula huhuishwa kila miezi sita baada ya vipimo, na hata pale ambapo hakuna mkaguzi anayebisha hodi kwenye nyumba ya mtu, mpishi atakayekitoa kabla hajaombwa ameshajitofautisha na wenzake. Akiwa na homa au anaharisha, asiende kazini. Akiwa na kidonda mkononi, kidonda kifunikwe na glavu ivaliwe.

Kuaminiwa kuna upande wa mdomo pia. Jikoni husikika mengi: ugomvi wa ndoa, ugonjwa, madeni, mgeni aliyekuja usiku. Hayo hayatoki nje, hayafiki kwa nyumba ya pili, na picha ya chakula haipandishwi mtandaoni bila ruhusa, hasa ikionyesha sebule ya watu.

Bei na maandishi

Chukua siku kama hii: saa moja ya menyu na mazungumzo, saa mbili na nusu za soko na foleni, saa tano za jiko, saa moja ya usafi na kupanga friji, nusu saa ya hesabu. Ni saa kumi. Mpishi anayetoza saa tano za jiko peke yake amefanya kazi nusu bure, na atagundua hivyo mwisho wa mwezi akishangaa mbona amechoka na mfuko ni mtupu. Ada yake iwe kwa siku nzima, na pesa ya chakula ikae mbali kabisa na ada, ilipwe na mteja kabla ya soko. Nauli ya bajaji, barafu, tepu, sabuni na kunoa visu viingie kwenye ada. Kuchanganya pesa ya soko na ujira kwenye akaunti moja ya simu ndiko kunakozamisha wengi.

Anayehitaji mafunzo atayapata kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, au kwenye vyuo vya utalii kama Kenya Utalii College ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1975. Vyuo hivyo hufundisha vizuri kukata, kuoka na kuhudumia mezani. Kupikia siku ya tatu baadaye, kwa friji ya mtu mwingine, mtu hujifunza kwa kumfuata mpishi mzoefu kwa muda, na inafaa kuomba nafasi hiyo hata kwa malipo madogo.

Makubaliano yaandikwe, ukurasa mmoja unatosha: siku za kupika, idadi ya milo na walaji, nani anatoa vyombo, malipo ya mteja anayeahirisha dakika za mwisho, na kwamba mgeni wa ghafla anaongeza ada. Mteja akitaka kumwajiri moja kwa moja badala ya kumkodi, mazungumzo yanakuwa mengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Karamu za usiku na mwezi wa Ramadhani, ambapo futari na daku huikata siku ya mpishi vipande viwili, viwekwe humo kwenye karatasi mapema, kabla mwezi haujaandama.